Alama za DNA hutunza uamuzi, hazitoi amri

Mbung'o mwenye vimelea vya malale akishamuuma mtu, mapambano huanza ndani ya damu. Mwili hutengeneza kingamwili, vimelea hufa kwa wingi, homa hutulia, kisha baada ya siku chache vimelea huibuka upya. Mwaka 1910 Ronald Ross na David Thomson walivihesabu siku hadi siku katika damu ya mgonjwa mmoja aliyetibiwa Liverpool, wakaona idadi ikipanda na kushuka kwa zamu. Wakati huo ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuua watu wasiopungua 200,000 katika mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Sababu ya kupanda na kushuka huko ilikuja kujulikana zaidi ya nusu karne baadaye. Mwaka 1975 George Cross, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba kila kundi jipya la vimelea huja na koti jipya la protini. Kimelea kimoja hujifunika kwa molekuli zipatazo milioni 10 za protini ya aina moja. Kinga ikishaitambua aina hiyo, vimelea vichache vilivyowahi kubadili koti hunusurika na kuzaana. Katika DNA ya kimelea zimo jeni zaidi ya 2,000 za makoti, nyingi zikiwa vipande visivyokamilika, lakini inayotumika kwa wakati mmoja ni moja tu. Nyingine zote ziko kimya. Ni nini kinachozinyamazisha?

Jibu la kwanza ambalo wanasayansi walilipata lilikuwa zuri sana, nalo likaja kuonekana kuwa na kasoro. Habari ya kasoro hiyo ndiyo njia bora ya kuielewa elimu ambayo siku hizi inatajwa kila mahali, kuanzia kliniki za saratani hadi matangazo ya virutubisho: elimu ya alama za kikemia zinazobandikwa juu ya DNA bila kubadili mpangilio wake. Mara nyingi msomaji huambiwa kwamba alama hizo ndizo zinazowasha na kuzima jeni, na kwamba ukizibadili alama umebadili majaliwa ya mtu. Ushahidi uliokusanywa tangu miaka ya 1970 hauungi mkono kauli hiyo kwa ukubwa wake. Unachoonyesha ni kwamba alama za DNA ni muhimu kwa uhai, lakini kazi yake kubwa ni kutunza uamuzi ambao nguvu nyingine ndani ya seli zimekwisha kuufikia. Tofauti kati ya anayeamua na anayetunza uamuzi ina uzito mkubwa kwa anayetafuta dawa, kwa anayegharamia utafiti, na kwa mgonjwa anayeuziwa matumaini.

Tuanze na msingi. DNA imejengwa kwa besi nne: adenini, timini, guanini na sitosini. Mpangilio wa besi hizo ndio unaobeba maelekezo ya kutengeneza protini, na mpangilio huo ni ule ule katika seli ya ini, ya ngozi na ya ubongo wa mtu mmoja. Kinachotofautisha seli hizo ni jeni zipi zinasomwa na zipi zinaachwa. Juu ya baadhi ya besi, vimeng'enya huongeza kundi dogo la atomi. Kwa binadamu alama ya kawaida ni kundi la methili, yaani atomi moja ya kaboni na tatu za haidrojeni, linalobandikwa kwenye sitosini, hasa pale sitosini inapofuatwa na guanini. Mahali pa namna hiyo katika seti moja ya DNA yetu ni kama milioni 28, na sehemu kubwa huwa na alama. Anayesoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu ataelewa haraka: herufi hubaki zile zile, irabu zinazowekwa juu na chini yake huongoza usomaji. Lakini msomaji mzoefu huweza kusoma hata irabu zisipowekwa, kwa sababu maneno ya jirani humwelekeza. Seli nayo ina vielekezo vingi zaidi ya alama.

Alama hizi zilijulikana kabla kazi yake haijajulikana. Mwaka 1948 Rollin Hotchkiss, alipokuwa akitenganisha besi za DNA ya ndama kwa karatasi ya maabara, aliona doa la ziada lililokaa karibu na sitosini. Miaka michache baadaye ikathibitika kwamba hiyo ni sitosini yenye methili. Katika virusi vinavyoshambulia bakteria ilipatikana alama nyingine, yenye kundi la haidroksimethili. Kazi ya kwanza iliyoeleweka vizuri ilionekana kwa bakteria wenyewe: huweka methili kwenye DNA yao ili vimeng'enya vyao vya kukata vitambue ya nyumbani na kuikata ya virusi wavamizi. Kwa ugunduzi wa vimeng'enya hivyo Werner Arber, Daniel Nathans na Hamilton Smith walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Kabla ya hapo, mwaka 1975, Arthur Riggs huko Marekani, na Robin Holliday na John Pugh huko Uingereza, walikuwa wamependekeza kwamba kwa wanyama alama ya methili inaweza kuwa kumbukumbu ya seli. DNA inaponakiliwa, kimeng'enya husoma uzi wa zamani na kuweka alama mahali pale pale kwenye uzi mpya, hivyo seli mwana hurithi si jeni tu bali pia hali ya jeni. Inafaa kukumbuka kwamba wazo la asili lilikuwa hili la kumbukumbu. Dhana ya swichi ilikuja kukuzwa baadaye.

Mwaka 1984 makundi mawili ya watafiti, la Piet Borst huko Amsterdam na la Etienne Pays huko Brussels, yaligundua jambo geni katika kimelea cha malale. Walitumia vimeng'enya vya kukata DNA kuchunguza jeni za makoti zilizo karibu na ncha za kromosomu. Jeni iliyokuwa ikitumika ilikatika vizuri. Jeni ile ile ilipokuwa kimya, baadhi ya mahali pa kukatia palikataa kukatika, ishara kwamba besi fulani ilikuwa imebadilishwa umbo. Uchunguzi uliendelea hadi 1993, kundi la Amsterdam lilipoitambua besi yenyewe. Haikuwa na methili tu. Ilikuwa timini iliyoongezewa oksijeni kisha ikabandikwa sukari ya glukosi, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana katika kiumbe chochote chenye kiini cha seli. Wakaiita besi J. Karibu nusu yake ilikuwa kwenye ncha za kromosomu, na nyingine ilitanda juu ya jeni za makoti zilizonyamaza. Juu ya jeni inayotumika haikuwepo. Nani angeuona mpangilio huo asiseme kwamba hiyo ndiyo inayozinyamazisha?

Dosari ya kwanza ilijitokeza mapema, kwa wale waliotaka kuiona. Kimelea cha malale huishi maisha mawili: katika damu ya mnyama na katika utumbo wa mbung'o. Ndani ya utumbo huo hakihitaji makoti yale, hivyo jeni zake zote za makoti huwa kimya. Kama besi J ndiyo inayozinyamazisha, huko ndiko ingepaswa kujaa. Ukweli ni kinyume: kimelea kilicho katika hatua ya utumbo wa mbung'o hakina besi J kabisa. Jeni zimenyamaza na alama haipo. Jaribio la kukata shauri lilikuja mwaka 2009, pale Laura Cliffe, Robert Sabatini na wenzao walipoondoa protini mbili, JBP1 na JBP2, ambazo huanza kazi ya kutengeneza besi J. Vimelea vilivyobaki bila chembe ya besi hiyo viliendelea kuishi na kuongezeka maabara. Mpango wa kutumia koti moja kwa wakati haukuvunjika kama nadharia ya awali ilivyotabiri. Alama iliyokuwa ikipatikana daima mahali pa ukimya haikuwa chanzo cha ukimya.

Hata hivyo lingekuwa kosa kusema besi J haina kazi. Mwaka 2012 kundi la Borst lilichapisha matokeo kutoka kwa Leishmania, ndugu wa kimelea cha malale na chanzo cha kala-azar. Jeni za vimelea hivi hupangwa kwa misururu mirefu inayonakiliwa kwa pamoja, na mwisho wa kila msururu pana besi J. Watafiti walipoipunguza sana, mashine ya unakili ilishindwa kusimama, ikapitiliza hadi kwenye jeni za msururu wa jirani, na seli zikafa. Kwa kimelea cha malale, kazi zilizochapishwa mwaka 2016 zilionyesha kwamba besi J hushirikiana na aina maalumu ya histoni, protini ambayo DNA hujizungusha juu yake. Ukiondoa besi J peke yake athari huwa ndogo. Ukiondoa vyote viwili, baadhi ya jeni za makoti zilizokuwa kimya huanza kusomwa. Kwa hiyo besi J ina kazi, na kazi hiyo ni ya kusaidiana: inaimarisha mpaka ambao protini nyingine nazo zinaulinda. Uamuzi kuhusu koti gani litumike hutolewa kwingine.

Kisa hiki kingeweza kuishia kwenye vitabu vya vimelea, lau si hatua moja iliyokigeuza kuwa habari ya binadamu wote. Timini kwa asili ina methili, na JBP hufanya kazi ya kuongeza oksijeni kwenye methili hiyo. Sitosini yenye alama nayo ina methili mahali hapo hapo pa pete ya besi. Je, binadamu hana protini inayofanana na JBP, inayoweza kuishika methili ya sitosini? L. Aravind na Lakshminarayan Iyer walipekua kwa kompyuta mpangilio wa protini zilizojulikana wakaipata familia ya TET. Mwaka 2009 Mamta Tahiliani na Anjana Rao, wakishirikiana nao, walithibitisha maabara kwamba TET1 hugeuza methili ya sitosini kuwa haidroksimethili. Katika toleo lile lile la jarida la Science lililochapisha kazi hiyo, Skirmantas Kriaucionis na Nathaniel Heintz wa Chuo Kikuu cha Rockefeller walitangaza kwamba besi hiyo imejaa katika seli kubwa za ubongo wa nyuma wa panya. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba TET huendelea kuongeza oksijeni hadi besi inakuwa na umbo ambalo kimeng'enya kingine hulikata, kisha sitosini tupu huwekwa mahali pake. Swali la miongo mingi, jinsi mwili unavyoondoa alama bila kusubiri seli igawanyike, likapata jibu. Ufunguo ulitoka kwa kimelea cha ugonjwa wa Afrika ambao wengi waliuhesabu kuwa hauna faida kibiashara.

Mwaka huo huo wa 2009 watafiti waliripoti kwamba jeni ya TET2 huwa na kasoro kwa wagonjwa wengi wenye saratani za damu za aina ya mieloidi. Kasoro hiyo hupatikana pia katika damu ya wazee wasio na saratani, ambao baadhi ya seli zao mama za damu zimeanza kuzaana kupita nyingine. Hapa mtu anaweza kudai kwamba hoja yangu imeanguka: ikiwa kuharibika kwa kifuta alama kunaleta saratani, alama si ndiyo inayotawala? Tazama lakini kinachotokea hasa. Seli ya damu isiyo na TET2 haigeuki kuwa seli ya ini wala haisahau mara moja kazi yake. Kinachoharibika taratibu ni uwezo wake wa kuachana na uamuzi wa zamani, yaani kutoka hali ya seli mama na kukomaa. Huo ni ugonjwa wa utunzaji uliopitiliza, na kwa kawaida huhitaji kasoro nyingine ziongezeke kabla haujawa saratani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu nani huanza na nani hufuata unatoka kwenye kromosomu X. Wanawake wanazo mbili, na mwaka 1961 Mary Lyon alieleza kwamba katika kila seli, moja hunyamazishwa mapema wakati wa ukuaji wa kiinitete. Jeni zilizo juu ya X iliyonyamaza huwa na methili nyingi kwenye mianzo yake, jambo lililowapa nguvu walioamini kwamba methili ndiyo iliyozinyamazisha. Mwaka 1987 Leslie Lock, Nobuo Takagi na Gail Martin walifuatilia jeni moja, Hprt, katika viinitete vya panya, ili kujua kipi hutangulia. Kromosomu ilinyamaza kwanza. Methili ikaja baadaye. Leo tunajua kwamba anayeanzisha ni RNA iitwayo Xist, iliyogunduliwa mwaka 1991. Lakini mwaka 1981 Mohandas, Sparkes na Shapiro walikuwa wamekwisha kuonyesha upande wa pili wa jambo. Walizipa seli zenye X iliyonyamaza kemikali ya azasitidini, inayozuia kuwekwa kwa methili, na jeni hiyo hiyo ya HPRT ikafufuka katika baadhi ya seli. Ukiyaweka majaribio hayo mawili bega kwa bega, maana yake ni moja: methili haikuanzisha ukimya, lakini bila methili ukimya haukai salama.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano unaogusa zaidi ni selimundu, maana ukanda wetu ni miongoni mwa maeneo yanayozaa watoto wengi zaidi duniani wenye ugonjwa huo. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya kijusi, ambayo haina kasoro ya selimundu. Akishazaliwa, jeni ya himoglobini hiyo hunyamazishwa na jeni ya himoglobini ya utu uzima hushika nafasi. Mwaka 1980 ilionekana kwamba jeni ya himoglobini ya kijusi haina methili katika seli zinazoitumia na ina methili katika seli zisizoitumia. Mwaka 1982 Joseph DeSimone na wenzake waliwapa nyani azasitidini, na himoglobini ya kijusi ikapanda sana. Mwaka huo huo matokeo ya namna hiyo yakapatikana kwa mgonjwa wa thalasemia huko Marekani. Kila kitu kilionekana kulandana: ondoa methili, washa jeni, punguza ugonjwa.

Wenye mashaka wakauliza swali zuri. Azasitidini ni sumu kwa seli zinazogawanyika. Je, himoglobini ya kijusi haipandi kwa sababu tu uboho umejeruhiwa na unatengeneza damu kwa haraka? Ili kupima hilo walichagua haidroksiyurea, dawa inayozuia seli kugawanyika bila kuwa kizuizi cha kimeng'enya cha methili. Mwaka 1984 ikaripotiwa kwamba himoglobini ya kijusi ilipanda kwa wagonjwa wa selimundu waliopewa haidroksiyurea. Dawa iliyochaguliwa kama kipimo cha hoja ikawa tiba yenyewe, na mwaka 1998 Marekani iliidhinisha itumike kwa selimundu. Utafiti uitwao REACH, uliowahusisha watoto 606 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo. Majaribio mengine ya decitabini, ndugu wa azasitidini, kwa dozi ndogo isiyoua seli, yameonyesha kwamba methili nayo ina mchango wake. Lakini mnyamazishaji mkuu alikuja kujulikana mwaka 2008: protini iitwayo BCL11A. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 hulenga kuipunguza protini hiyo katika seli za damu. Haigusi methili kama shabaha yake.

Kuna pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa kwa uzito. Ya kwanza inasema kwamba jambo linaloweza kuua likikosekana haliwezi kuitwa la kutunza tu. Mwaka 1992 En Li, Timothy Bestor na Rudolf Jaenisch waliharibu jeni ya kimeng'enya kinachonakili methili kwa panya, na viinitete vikafa kabla ya kuzaliwa. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi ilionyesha kwamba ugonjwa wa Rett, unaowapokonya watoto wa kike usemi na matumizi ya mikono waliyokwisha kuyapata, hutokana na kasoro ya MECP2, protini inayoshika DNA yenye methili. Siupingi ushahidi huo. Ninachopinga ni dharau iliyojificha ndani ya neno "tu". Mwili una matrilioni ya seli, na nyingi hugawanyika au hudumu kwa miaka. Uamuzi usiotunzwa ni sawa na uamuzi ambao haukutolewa. Na ugonjwa wa Rett unaongeza jambo moja la kutia moyo. Mwaka 2007 maabara ya Adrian Bird iliirudisha MECP2 kwa panya waliokwisha kuugua, na dalili nyingi zikaondoka. Maagizo ya awali ya ubongo hayakuwa yamepotea. Aliyekuwa hayupo ni msomaji wa alama.

Pingamizi ya pili ina nguvu zaidi. Siku hizi watafiti wanaweza kupeleka kimeng'enya cha methili kwenye jeni moja waliyoichagua na kuinyamazisha. Mwaka 2024 kundi la Angelo Lombardo huko Milano lilitangaza kwamba dozi moja ya vifaa vya namna hiyo ilinyamazisha jeni ya Pcsk9 kwenye ini la panya, na protini yake inayohusika na lehemu ikabaki chini kwa karibu mwaka mzima. Je, hapo alama haikutoa amri? Ukichungua jinsi vifaa hivyo vilivyojengwa utaona jibu. Wavumbuzi hawakutegemea kimeng'enya cha methili peke yake. Walikiunganisha na sehemu za protini zinazoita wanyamazishaji wengine na kubadili histoni. Vyote kwa pamoja huanzisha ukimya, kisha vifaa vinaondoka mwilini na methili ndiyo inayobaki kuuendeleza. Mafanikio hayo yanatokana na kuuelewa mgawanyo wa kazi ninaoutetea, na ni ushahidi kwamba ukiuelewa unaweza kutengeneza dawa.

Pingamizi ya tatu husema kwamba vipimo vya leo ni vya hali ya juu, hivyo ramani za alama zinatosha zenyewe bila majaribio ya kuondoa. Historia ya karibuni inatuonya. Mwaka 2015 jarida la Cell lilichapisha taarifa tatu zilizodai kwamba adenini yenye methili, alama iliyozoeleka kwa bakteria, ipo pia katika DNA ya mwani, minyoo na inzi. Maabara nyingi zikafuata kuitafuta kwa wanyama na mimea mingine. Mwaka 2022 kundi la Gang Fang huko New York lilitumia mbinu inayotenganisha DNA ya kila kiumbe ndani ya sampuli, likaonyesha kwamba katika sampuli za inzi na za mmea walizozipima, sehemu kubwa ya alama hiyo ilitoka kwa bakteria waliomo tumboni au waliochanganyika nazo. Kama kuwepo kwa alama kunaweza kudanganya kiasi hicho, kuhukumu kazi yake kwa kutazama mahali ilipo ni kukimbilia hukumu kabla ya shahidi kusikilizwa.

Kutoka hapo ndipo tunaweza kuyapima madai yanayotufikia majumbani. Ni kweli kwamba mazingira huacha dalili kwenye DNA. Watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945 walikutwa, miaka sitini baadaye, na tofauti ndogo ya methili kwenye jeni ya IGF2. Huko Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba lishe ya mama, ambayo vijijini hubadilika kati ya masika na kiangazi, huenda pamoja na tofauti za methili kwa mtoto aliyetungwa mimba katika msimu huo. Hizo ni kazi makini, na zinatoa sababu nzuri ya kumlisha vizuri mwanamke hata kabla hajashika mimba. Hazithibitishi kwamba tofauti hizo za alama ndizo zinazoleta maradhi ya ukubwani, wala kwamba kidonge fulani kinazirekebisha. Vitamini C, kwa mfano, huisaidia TET kufanya kazi katika seli za maabara. Kuruka kutoka kwenye sahani ya maabara hadi kumwahidi mteja kwamba atakuwa na "jeni mpya" ni biashara isiyo na ushahidi. Hata azasitidini na decitabini, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2004 na 2006 kwa magonjwa ya uboho, hufuta alama kila mahali bila kuchagua, na hutolewa chini ya uangalizi mkali wa madaktari.

Hukumu yangu ni hii. Alama za DNA zinastahili nafasi kubwa katika elimu ya uhai, na nafasi hiyo ni ya mtunza kumbukumbu. Anayempa cheo cha mtawala anafanya kosa lile lile lililofanywa kwa besi J na, kwa muda, kwa himoglobini ya kijusi: kuona vitu viwili pamoja na kudhani kimoja kimekizaa kingine. Wahariri wanaopokea habari za ugunduzi, na wasomaji wanaozisoma, waulize maswali matatu kabla ya kukubali: alama ilipoondolewa nini kilitokea, ipi ilitangulia, alama au ukimya, na je, jaribio lilifanywa kwa binadamu au kwa seli za maabara? Wanaogawa fedha za utafiti nao wakumbuke kwamba kazi ya kimeng'enya kinachohusika na saratani za damu ilijulikana kwa kufuata nyayo za kimelea cha mbung'o. Na mzazi mwenye mtoto wa selimundu asisubiri mjadala huu uishe wala asipoteze fedha kwa virutubisho vya "kurekebisha jeni". Haidroksiyurea imejaribiwa kwa watoto wa Kilifi na Mbale na imeonekana kusaidia. Amuulize daktari wa kliniki kama inamfaa mwanawe.